Onyo lililofungiwa karanga

Juzi, sokoni Tabora, muuzaji wa mashine za mkononi za kukandia misuli alimshika mzee mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke. Mzee alikuwa amekunja suruali. Mguu mmoja ulikuwa umevimba hadi unang'aa.

"Ina nguvu?" aliuliza, kama anayechagua mashine ya kusaga.

"Mzee wangu, hii inafukuza uvimbe!" Akaiwasha kwa spidi ya juu kabisa.

Mimi nilikuwa nimenunua karanga kwa mama wa meza ya pili. Kwenye karatasi aliyonifungia nikasoma: anza na spidi ya chini, usiweke shingoni wala kwenye mfupa, mguu uliovimba usiuguse, nenda hospitali.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

Akamnyooshea kidevu yule muuzaji wa mashine. "Huwa ananipa yeye, anazitoa kwenye maboksi ya mashine."

Nikaisoma tena kwa sauti. Mashine ikazimwa.

"Zinatisha wateja," muuzaji alinung'unika.

Kumbe maelekezo huja, ila lazima uwe mpenzi wa karanga.

Mzee alishusha suruali taratibu, akamgeukia mama wa karanga. "Nifungie karanga za watu watatu, mwanangu, kwenye karatasi hizo hizo. Nikitoka hospitali nawapelekea majirani. Wao walishanunua mashine."