Siku Niliyovunja Eda

Watu wawili kutoka wilayani walileta barua mchana, wakanywa maji, wakaondoka. Mume wangu, mgambo aliyekwenda vita vya Uganda, alikuwa ameuawa na kuzikwa hukohuko. Hawakuleta chochote chake, hata ndala. Sikuamini. Mpaka leo nikikumbuka walivyoisoma harakaharaka, hasira zinanipanda.

Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, pale Visiga. Alisimama mbele ya watu waliokuja kutupa pole akasema, "Nimetoa mmoja kwa ajili ya taifa. Ningekuwa na wengine, ningewatoa."

"Si ungekwenda mwenyewe!" mama mkwe alimjibu kutoka ndani, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Huyo mama ndiye aliyenivika nguo nyeupe na kuniweka eda: miezi minne na siku kumi, hakuna manukato, hakuna kutoka. Kila asubuhi alifunga fundo moja kwenye kamba iliyoning'inia kitandani ili tusipoteze hesabu. Nilikaa kama niliyekalia siafu. Nikisikia lori kwenye barabara ya Morogoro nanyanyuka, nachungulia dirishani, nakaa tena. Kukaa eda ni kukubali kwamba amekufa, na mimi sikuwa nimekubali. Niliichukia ile kamba.

Ilikuwa na mafundo themanini na moja siku baba mkwe alipopita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wote waende barabarani kuwapokea askari wanaorudi. Alipofika mlangoni kwangu alisita.

"Wewe baki, mwanangu," alisema bila kuniangalia.

Nilisubiri watu waishe kijijini, nikatoka mbio, miguu peku, na nguo zangu nyeupe. Barabarani ilikuwa shangwe tupu: matawi, vigelegele, malori yamejaa vijana wanaoimba. Niliwatazama mmoja mmoja. Lori la kwanza, hayumo. La pili, hayumo. Nikawasukuma watu hadi nikafika mbele kabisa.

Kwenye lori la mwisho askari mmoja aliniona. Nadhani alikuwa mtu wa pwani, maana aliijua ile nguo. Aliacha kuimba, akavua kofia. Wenzake wakaangalia alikoangalia, wakanyamaza, na lori likapita mbele yangu kimya. Mume wangu hakuwamo.

Hatua chache kutoka pale baba mkwe alikuwa anapunga bendera. Aligeuka kuona askari wanatazama nini, akaniona. Mkono ukamshuka. Alinifuata, akanishika bega, akanirudisha nyumbani akilia njia nzima, mwenyekiti mzima, mbele za watu.

Mama mkwe hakunikaripia. Nilimwomba kamba. Nikayafungua mafundo yote themanini na moja, kisha nikafunga la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.