Kisigino cha Mcheza Gofu

Mimi huchora mabango: saluni, maduka ya dawa, kuta za chekechea pale Gungu, na samaki aina ya migebuka kwenye milango ya migahawa. Gofu sijawahi kucheza wala kumwona mtu akicheza. Kwa hiyo mama mmoja wa Ujiji aliponiomba nimchore mumewe akipiga gofu kwenye ukuta wa uani, nilipaswa kukataa. Lakini mimi na kukataa kazi hatujawahi kuelewana.

Shida yake aliniambia mapema. Mumewe alifanya kazi miaka mingi Moshi, na huko ndiko alikojifunza mchezo huo. Waliporudi nyumbani akapata kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Daktari alisema atembee. Yeye akaamua kukaa. Kutwa yuko kwenye kiti, baraza ya nyuma, hata ziwa hataki kulitazama. Mama alifikiri labda akijiona ukutani alivyokuwa zamani, atapata hamu ya kuinuka.

"Nimebembeleza, nimegomba, nimelia," alisema. "Sasa nimebaki na wewe tu."

Picha aliyonipa ilimwonyesha mzee amesimama na fimbo yake ya gofu, anatabasamu. Namna ya kupiga niliitunga mwenyewe. Nimekulia Kidahwe, na kitu chenye mpini ninachokijua mimi ni jembe. Nikamchora mzee ameinama, magoti yamekunjwa, fimbo iko juu ya kichwa, misuli ya mikono imetuna. Nilirudi nyuma kuitazama kazi yangu, na kusema kweli niliipenda.

"Huyo analima mihogo," sauti ikasema kutoka barazani.

Tangu aitikie shikamoo yangu, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kwamba gofu sijawahi kuiona, na kama ana la kunifundisha, ukuta uko huku, kule alikokaa haoni vizuri. Mama akashika mdomo. Mzee alinitazama, akachukua mkongojo, akavuka ua akiburuta mguu, njia nzima akinung'unika juu yangu.

Alinifundisha kwa mkongojo ule ule, bega limeegemea ukuta. Nguvu haitoki mikononi, alisema. Mikono inafuata tu. Unageuza mabega, uzito unakwenda mguu wa kulia, halafu kiuno ndicho kinachotangulia kurudi na kuvuta vyote vingine. Nikamwambia rangi haiwezi kuonyesha yote hayo, mimi nachora kitendo kimoja tu, sasa nichague kipi?

"Chora mpira ukiwa umeshaondoka," akasema.

Hapo tumbo limeelekea mpira ulikokwenda, fimbo imezunguka hadi nyuma ya shingo, uzito wote uko mguu wa kushoto, na kisigino cha kulia kimeinuka. Alijaribu kunionyesha. Mguu wa kushoto ukatetemeka, akadaka ukuta. Niliumia moyoni, nikajifanya nakoroga rangi.

Nikapaka chokaa upya na kuanza tena. Kila asubuhi nilimkuta keshafika ukutani, ananisubiri aanze kunikosoa: kiwiko kimekunjwa mno, kiuno kigumu, na hilo tumbo ni la nani? Mama alitupikia uji, akitutazama kwa pembe ya jicho.

Picha ilipokaribia kwisha, mama alinisindikiza hadi kwa bodaboda, akaniomba nisiimalize, mzee asije akarudi kwenye kiti chake. Nilikataa. Chini ya picha kuna jina langu, na watu wana macho. Mama akanilipia bodaboda, na hilo likanishinda. Kesho yake nikakichora kisigino cha kulia kimelala chini.

Mzee alikiona papo hapo. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele kwa bidii kupita kiasi.

"Mmekula njama," akasema. Akashika ukuta, akainua kisigino chake. Kilipanda kidogo, kikarudi. "Haya, kiacheni. Siku nitakayosimama hivi bila kushika ukuta, nitakuita."

Nikaenda zangu kuchora maduka Mwandiga, na msimu wa mvua ukapita. Nilipowakumbuka niliogopa kupiga simu, nisije nikaambiwa nisichotaka kusikia. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, simu ikaita. Mzee alikuwa anahema. Nyuma yake nilimsikia mama akicheka na kulia kwa pamoja.

"Binti," akasema, "njoo na rangi."