Mkebe wa Vitambulisho

Samsam Abdiweli alizaliwa hapa mjini Maua, na asiyeamini aje aniulize mimi Kagwiria, maana mama yangu ndiye aliyemkata kitovu. Baba yake alikuwa Msomali, dereva wa magari ya miraa. Samsam ananishinda kutukana kwa Kimeru, na hiyo Somalia anayoambiwa arudi hajawahi kuikanyaga.

Miaka kumi na saba tumefunga miraa pamoja kwenye depo ya tajiri wetu Kiunga, mikono ikinuka majani ya migomba tunayofungia. Kazi yetu ina desturi yake. Asubuhi unamwachia Kiunga kitambulisho, anakitia kwenye mkebe wa majani chai, ndipo anakupa mzigo wa kufunga. Mzigo ukitimia, unarudishiwa. Aliwahi kutorokwa na mtu na gunia zima, na tangu siku hiyo hamwamini hata mkewe.

Halafu vita vya Somalia vikazidi, ndege za kupeleka miraa huko zikasimamishwa, Maua ikalala njaa. Watu wakatafuta wa kulaumu. Ati Wasomali! Kana kwamba Samsam ndiye aliyefunga uwanja wa ndege kwa kufuli. Wanawake waliokuwa wakinunua mandazi aliyouza jioni wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Yeye alicheka, lakini nilimsikia akimwonya binti yake asiongee Kisomali njiani akienda shule. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kisha bomu likalipuka katika mji wa mbali ambao sijawahi kufika, na lawama zikawaangukia Wasomali wote. Siku ya tatu yake, saa nne asubuhi, lori la polisi likasimama mlangoni pa depo. Leseni ya Kiunga ilikuwa imekwisha, basi akapenya mlango wa nyuma na mkebe kwapani. Jinga lile. Lilikimbia na vitambulisho vyetu vyote.

Afisa akataka vitambulisho. Tulikuwa wanawake wanane na hakuna aliyekuwa nacho. Akatutazama mmoja mmoja, akamnyooshea Samsam kidole. Sisi wengine tukaambiwa tuendelee na kazi. Samsam alinitazama akipandishwa lori. Nilitaka kusema neno, haki ya Mungu nilitaka. Nikainama nikaendelea kufunga. Hilo nitamjibu Mungu mwenyewe.

Nilifunga mafungu matatu, la nne likanishinda. Watu walikuwa wakisema waliokamatwa watapelekwa Nairobi jioni, na kutoka huko watatupwa Mogadishu. Nikamtafuta Kiunga Maua nzima, nikamkuta amejificha stoo ya kanisa, mkebe magotini. Nilimnyang'anya kitambulisho cha Samsam nikatoka mbio. Changu hata sikukikumbuka.

Kituoni afisa yule yule alikigeuzageuza, akakikwaruza kwa ukucha, akasema hivi siku hizi vinanunuliwa sokoni kama vitunguu. Akakirusha mezani. Nikamwambia huyo tumekua naye boma kwa boma. Akaniuliza mimi ni wa wapi na ni wa ukoo gani, nikamtajia.

"Mama, wewe ukisema ni wa hapa, basi ni wa hapa," akasema. "Lakini akituletea shida, tutakujia wewe."

Nikatia sahihi karatasi ya kumdhamini. Kitambulisho changu hakukiuliza. Samsam alitoka na kiatu kimoja. Njiani hakunilaumu, na afadhali angenitukana. Aliniuliza tu kama binti yake ameshatoka shule, na kama kuna mtu amemfuata.

Asubuhi yake alikuja kazini akiwa amekishonea kitambulisho ndani ya nguo, kifuani. Akakataa kukitoa. Kiunga naye, hana haya, akashikilia desturi yake: bila kitambulisho hakuna mzigo. Nyumbani kwa Samsam hakukuwa na unga, na Kiunga alilijua hilo. Walisimama wakitazamana. Samsam alikuwa amekibana kifua kwa mikono miwili.

Nikaingia katikati yao.

"Kiunga, changu unacho," nikamwambia. "Kishike kwa ajili yetu wawili. Mimi hata nikitembea bila hicho, hakuna mtu ataniuliza."