Spika ya Vuai Haikuwa ya Vuai

Niliripoti kazini mwaka 1964 nikiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba nimeajiriwa serikalini. Karakana ya mitambo ya sauti ilikuwa chini ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe. Msimamizi wa Karakana, mzee asiyevua kofia hata akipanda ngazi, aliliangalia shati langu akacheka. Nilitarajia kuonyeshwa mashine. Badala yake alinipeleka mbele ya ukuta, akaugonga kwa vifundo vya vidole, hapa na pale, huku ametega sikio.

"Ukuta hubishwa hodi kwanza," alisema. "Ukikujibu kama mtungi mtupu, usitundike kitu. Lipu imeshaachana na jiwe. Humo ndani hamna mwenyewe."

Nayaeleza haya kwa utaratibu wake kwa sababu mji huu una msemo unaoniudhi. Kiti kikiyumba, watu husema ni spika ya Vuai. Mtu akitoa ahadi isiyo na mshiko, nayo ni spika ya Vuai. Nimeusikia barazani, nimeusikia sokoni Mwanakwerekwe, na hivi karibuni nimeusikia kinywani mwa mjukuu wangu mwenyewe. Vuai, fundi mwenzangu, ni marehemu na hawezi kujitetea. Mimi nilikuwapo, na ningali hai.

Kazi yetu ilikuwa kufunga spika katika kumbi, skuli na mahakama. Spika ya wakati ule ilikuwa sanduku la mbao lenye sumaku nzito ndani yake. Mtu mmoja akilibeba, hupumzika njiani. Kulitundika kulihitaji kuchagua kishikizo, na hapo ndipo elimu yote ya kazi ilipokuwa. Tulikuwa na vishikizo vya namna mbili. Cha kwanza kilikuwa bamba la chuma, lililokazwa kwa skrubu fupi katika vigingi vya mbao. Hicho kilifaa kuta za zege. Cha pili tulikiita mkia wa samaki: mkono wa chuma ambao ncha yake imepasuliwa na kutanuliwa. Fundi huchimba tundu kwa tindo, jembamba mdomoni na pana ndani, akauzamisha mkia, akashindilia chokaa na vipande vya mawe. Kisha huuacha.

Kuuacha huko ndiko wasikokuelewa wengi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hukaza polepole. Wazee wetu walisema imelala, na kabla haijaamka haibebeshwi mzigo. Saruji hukaza upesi, ni kweli, lakini haipatani na chokaa kuukuu. Ukuta unapokunywa maji ya mvua, saruji hujitenga na kuondoka na ngozi ya ukuta.

Msimamizi wa Karakana alipostaafu, nilipandishwa kuwa Msimamizi Msaidizi, mwenye dhamana ya kuchagua vishikizo. Juu yangu aliletwa Mkuu wa Ufungaji. Nitamtendea haki ambayo yeye hakumtendea mwenzake: alikuwa mchapakazi, na spika alizofunga katika majumba mapya ya zege hazikutikisika hata moja. Kosa lake ni kuamini kwamba dunia nzima imejengwa kwa zege.

Ndipo tulipopewa ukumbi wa kisomo cha watu wazima, uliokuwa nyumba ya kale. Zilitakiwa spika nne, moja kila ukuta, ili sauti ya mwalimu iwazunguke wanafunzi na hata aliyekaa nyuma kabisa asikie kama aliye mbele. Nilichagua mkia wa samaki kwa kuta zote nne. Fundi alikuwa Vuai, Mtumbatu, hodari, na mwenye kujisifu kuliko inavyofaa. Alikwisha kuufunga mkono wa kwanza, wa karibu na mlango, Mkuu wa Ufungaji alipoingia.

"Huu umekwisha?" aliuliza.

"Umekwisha, Bwana Mkuu, lakini umelala," Vuai alijibu. "Haubebi mpaka uamke."

"Utaamka lini?"

"Chokaa haivai saa, bwana. Mwezi huu uishe, tutaubishia hodi."

"Ufunguzi ni wiki ijayo. Nikamwambie mgeni rasmi kwamba ukuta umelala?"

Mafundi walicheka. Mimi sikucheka; nilimweleza habari ya chokaa, ya saruji na ya masika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Ukuta ni ukuta, bwana." Akaamuru kuta tatu zilizosalia zifungwe mabamba, kwa skrubu fupi na saruji. Vuai alishuka ngazi, akajifuta vumbi.

"Nitafunga, Bwana Mkuu, kwa kuwa umeamrisha," alisema. "Lakini haitashika; nshasema mbele ya watu."

Ufunguzi ulipita salama, jambo ambalo lilizidisha ubaya, kwani Mkuu alikuwa kila akipita karibu yangu hutazama juu penye spika, kisha hunitazama mimi. Masika yakaingia. Siku moja, somo likiendelea, bamba la ukuta wa nyuma liling'oka pamoja na pande la lipu, na spika ikamwangukia Bi Tatu, mama wa Jang'ombe aliyeuza samaki wa kukaanga. Ilimvunja mkono wa kulia. Kwa mkono huo alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kuandika jina lake.

Iliundwa kamati. Mkuu wa Ufungaji alieleza kwamba aliyekaza skrubu ni Vuai, na mkono uliokaza ndio wenye dhamana. Nilisimama nikasema nani alichagua nini na nani alibadilisha. Mwenyekiti wa Kamati alinijibu, "Ndugu, wewe ni mwenzake. Tulitegemea utasema hivyo." Mimi mwenye dhamana ya vishikizo nikaondolewa kwenye ushahidi kwa kosa la kumjua ninayemtetea.

Bi Tatu akaingia, mkono umefungwa gango. Aliulizwa kama anamtambua aliyemwangushia spika.

"Mie nimeangukiwa na spika, baba. Sikuangukiwa na Vuai," alisema. "Siku wanafunga nlikuwa nafagia pale pale. Huyu kasema haitashika. Na yule bwana kasema ukuta ni ukuta."

Mwenyekiti alimshukuru, akamwambia akapumzike. Maneno yake hayakutajwa tena. Mpaka leo, nikiyakumbuka, chai hunipoa mkononi.

Vuai alipigwa marufuku kupanda ngazi ya serikali. Alihamishiwa Bwejuu kulinda ghala, yeye ambaye vidole vyake vilijua ukuta kama daktari ajuavyo kifua. Tulizishusha zile spika mbili zilizobaki kwenye mabamba, na Mkuu wa Ufungaji akaendelea na cheo chake. Vuai alipokuja mjini, watu barazani walimwuliza, "Vuai, hilo koti ukutani umelitundika wewe? Basi tuhame." Mwanzoni alicheka nao na kuwarudishia. Baadaye akawa anapita njia ya nyuma.

Nimestaafu kwa heshima, na sina kinyongo na kazi. Nina kinyongo na wepesi wa ulimi. Hivi majuzi nilialikwa harusi katika ukumbi ule ule, ambao sasa hukodishwa kwa shughuli. Nilifika mapema, nikamkuta fundi kijana juu ya ngazi akifunga visanduku vyake vya sauti, vitano, kuuzunguka ukumbi. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwuliza anatumia kishikizo gani.

"Hivi vya plastiki, mzee. Vinafaa ukuta wowote."

Nilihisi nimerudishwa mbele ya Mkuu wa Ufungaji. Nikatazama karibu na mlango. Mkono wa Vuai ulikuwapo, umevimba kwa rangi zilizopakwa juu ya rangi, umebeba feni kubwa ya chuma, na kijana alikuwa ameutundikia pia mfuko wake wote wa nyundo na keekee.

"Huo umefungwa na nani?" nilimwuliza.

Aliushika akauvuta kwa uzito wa mwili wake. "Sijui, mzee. Lakini huyu alikuwa fundi. Umeshika kama umeota."

"Ni Vuai."

Akacheka. "Vuai yule wa spika?"

"Huyo huyo. Sasa ubishe hodi ukuta wako."

Aligonga kwa vifundo, pale alipokwisha kutoboa. Ukuta ukamjibu kama mtungi mtupu. Aligonga tena, pole pole, kicheko kimemwisha. Kisha akakitoa kisanduku chake, akashuka nacho, akakiweka sakafuni.

Wapambaji walikuwa wamefika, na wenye harusi wamesimama mlangoni. Nikamwomba anitajie tena, kwa sauti ya kusikika, jina la aliyeufunga ule mkono wa chuma.

Akalitaja, mbele ya watu.