Kanga Niliyovaa Jumapili Wifi Aliporudi kwa Yesu

Admin, naomba unifichie jina, maana wifi yangu na nusu ya kanisa letu wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, naishi upande wa Makurunge, Bagamoyo. Nimeokoka, na kabla hamjaniambia Bwana asifiwe naomba mnisikilize, maana wokovu wenyewe sasa hivi unanitoa jasho. Dhambi yangu si wanaume wala pombe. Ni mdomo. Nilipokuwa msichana, ukinichokoza nilikuwa nakujibu mpaka unabadili njia. Nilipompa Yesu maisha yangu nikamwomba aufunge huu mdomo, na kweli akaufunga. Hasira ndiyo ikabaki.

Dada mkubwa wa mume wangu ndiye jirani yangu. Aliachika, akarudi kwenye kiwanja cha baba yao, ambapo na sisi tumejenga, na tangu arudi mimi ndiye mbaya wake. Nikimwamkia, "Shikamoo wifi," anaitikia kwa pua. Hanitukani hata siku moja. Yeye anavaa, na nyie wa pwani mnaelewa nikisema anavaa. Mume wangu akininunulia kitu, kesho yake wifi anatoka na kanga imeandikwa UMEKUJA JUZI, USIJIFANYE MWENYEJI. Anakuja kufagia mpaka mbele ya kibaraza changu, anainama, ananipa mgongo ili nisome vizuri. Ukimuuliza anakwambia, "Kwani wifi, maneno yote ya duniani ni yako wewe?"

Mume wangu naye eti, "Mama, hiyo si nguo tu? Achana nayo." Nguo tu! Ingekuwa nguo tu mbona ananigeuzia mgongo?

Nikampelekea mama mchungaji shida yangu. "Vumilia mwanangu, mwombee." Nikamwombea. Nikafunga na kuomba. Natoka kwenye maombi roho imetulia, nafika nyumbani nakuta wifi ana kanga mpya. Jamani, inachosha! Unashinda leo, kesho unaanza upya na jaribu lile lile, na wala hakuna anayekupa pole, maana kwa macho ya watu hakuna ulichofanyiwa.

Basi nikaenda Bagamoyo mjini kwa shughuli zangu, nikapita kwenye duka la kanga. Sikwenda kununua. Muuzaji akakunjua moja mbele yangu: NDOA YAKO IMEKUSHINDA, YANGU YAKUHUSU NINI. Mwenzenu nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikajidanganya kwamba mdomo sijaufungua, kwa hiyo sijatenda dhambi. Nikainunua, nikaikata, nikaipinda.

Jumapili asubuhi nikajifunga ile kanga, ndani nina shimizi tu, juu nimetupia mtandio unaoishia kiunoni. Mpango wangu ulikuwa nipite mlangoni kwake, maana asubuhi hukaa nje anakaanga vitumbua, asome, roho imuume, halafu nirudi kubadili niende kanisani. Nikapita, sikumkuta. Nikasubiri, nikakohoa, nikapita tena. Mlango umefungwa. Kengele ya kanisa ikalia niko pale pale nimesimama na ujinga wangu, nikirudi kubadili nachelewa. Nikasema liwalo na liwe, nitakaa benchi la mwisho karibu na ukuta, na nitatoka wa kwanza.

Kumbe wifi alikuwa kanisani. Mtu aliyeacha ibada tangu ujana wake! Mchungaji alipouliza nani anataka kurudi kwa Yesu, akasimama yeye, analia. Akasema, "Wifi yangu nimemsema kwa kanga tangu nilipoachika. Nilitaka anijibu nipate sababu ya kumfukuza pale nyumbani. Hakunijibu hata mara moja. Nikasema huyu anayemzuia wifi yangu, na mimi namtaka."

Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniita mbele tukumbatiane.

Sikusimama. Ningesimamaje? Kanisa zima lingesoma. Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi mwenyewe akaja mpaka kwenye benchi langu, mikono ameikunjua, na mimi nimeng'ang'ania benchi, natikisa kichwa. Akasubiri. Halafu akashusha mikono, akarudi mbele peke yake.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mwenye roho ngumu. Mama mchungaji kaja nyumbani kunifundisha somo la kusamehe. Mimi! Niliyemeza yote yale! Mume wangu haniongeleshi. Na juzi wifi kaja amebeba furushi la kanga zake zote. Akaliweka miguuni pangu akasema, "Hizi nilizinunua kwa ajili yako. Fanya madekio." Halafu akaniuliza taratibu, "Wifi, kwa nini hukuinuka?" Nikamjibu miguu ilikufa ganzi. Nikaongeza uongo juu ya uovu. Akaniangalia, akasema, "Kama wewe umeshindwa kunisamehe, sidhani kama huko juu nimesamehewa. Jumapili sitakwenda." Akaondoka. Alikuwa amevaa gauni, na sijawahi kumwona bila kanga.

Ile yangu nimeificha chini ya godoro. Nikimwonyesha, atajua kwamba yule mtu mvumilivu aliyemrudisha kwa Mungu alikuwa amekuja ibadani na tusi kiunoni. Nikinyamaza, anarudi alikotoka akiamini nimemkataa. Nimelia mpaka nimechoka, na Jumapili hiyo inakuja.

Naombeni mawazo yenu, ndugu zangu, nimwendee na ile kanga mkononi au niichome nimwombe tu msamaha? Ila tafadhali, asije mtu hapa akaniambia nivumilie. Huko kuvumilia ndiko kulikonifikisha dukani.