Kimya na Kiti cha Hakimu

Mwalimu ninayesimulia habari zake hapa, wanafunzi wake wanamwita Kimya, na mimi nitamwita hivyohivyo, maana jina lake la kuzaliwa halimkai. Ni mtu mfupi, koti limempauka mabegani, anatembea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kazi yake ni kufundisha vijana sheria, ila darasani haonekani sana. Anawafundishia ghorofani, juu ya mafundi cherehani, katika chumba kinachoitwa kliniki ya sheria. Mtu aliyenyimwa haki yake anapanda ngazi zile, anatetewa bure. Mimi siku ya kwanza niliposikia neno kliniki nilikunja mkono wa gauni nikingoja sindano. Vijana wakacheka. Nikawaambia wacheke wamalize, mimi nina muda.

Kilichonipandisha ngazi ni vidole vyangu. Nimefua nguo za watu tangu usichana wangu, mashuka ya hospitali, makoti ya wakubwa, na sabuni imenilamba vidole mpaka vimekuwa laini kama kokoto za mtoni. Sasa, kadi za zamani zilifutwa, wote tukaambiwa tukachukue vitambulisho vipya. Pale ofisini wana mashine yenye kioo. Unaweka kidole, inasoma mistari yake, inakujua. Mimi ikakataa kunijua. Karani akafuta kioo, akafuta kidole, akanipaka mafuta, wapi.

"Bibi, mashine inasema hapa hakuna mtu."

"Na wewe unaongea na nani?"

Akaita anayefuata.

Bila kitambulisho hupigi kura, na uchaguzi ulikuwa unakuja mbio. Mimi sijawahi kukosa kura hata moja. Mwanangu wa mwisho nilipanga naye foleni akiwa tumboni, uchungu umeshanianza, na sikutoka mpaka nimetumbukiza karatasi yangu. Leo kioo kiniambie mimi si mtu? Nikaapa nitapiga, kipende kisipende.

Kimya akaikabidhi kesi yangu kwa binti mmoja wa miwani, mwembamba, mwenye maneno mengi. Lakini kliniki ile ina desturi yake. Siku ya kwanza hakuna kalamu. Mwanafunzi anaweka mikono mapajani, anasikiliza tu. Kisha anakwenda zake kupanga hoja. Mwenye shida akirudi, anaketishwa kwenye kiti kikubwa cha mbao wanachokiita kiti cha hakimu, na mwanafunzi anasimama mbele yake kumtetea yeye huyohuyo. Aliye kitini asipojitambua katika maneno yale, kesi haitoki chumbani.

Basi nikakaa. Jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni kama paka. Cherehani za chini zinaunguruma kama mvua ya mbali juu ya bati, na kope zangu zikawa nzito. Binti akaanza. "Mheshimiwa, mbele yako yuko ajuza fukara. Mikono yake imeharibika. Hana nguvu, hana msemaji..." Sauti yake ilikuwa tamu. Nikamwona kabisa huyo ajuza akitoka katika maneno, akijikokota ukutani ndani ya ukungu, mgongo umepinda, anapapasa asione mlango. Nikamwonea huruma. Nilitaka kuinuka nimshike mkono.

"Masikini," nikasema. "Ni nani huyo?"

"Ni wewe, bibi."

Usingizi ukanitoka wote. "Mimi? Mimi nina nyumba ya matofali niliyoijenga kwa povu! Mikono yangu imeharibika nini? Imekamilika. Muulize aliyevaa shati nililolifua kama ameona doa."

Binti akamgeukia Kimya. Yeye alikuwa dirishani na kikombe chake cha maji ya moto, majani ya chai hataki.

"Wewe umesikiaje?" akamuuliza.

Ndiyo mafundisho yake hayo, yote. Mkewe aliyekuwa amemletea chakula akaguna pale mlangoni. "Usimshangae, dada. Nyumbani nikimuuliza chumvi imekolea, ananiuliza mimi naonaje. Watoto wangu wamelelewa na maswali."

Binti uso ukamuwaka. "Lakini mwalimu, hakimu ni binadamu, ataguswa! Tukimwombea huruma tutashinda upesi, na uchaguzi hautusubiri."

"Tutakuwa tumemshindia nani?" Kimya akasema, akarudi kwenye kikombe chake.

Kesho yake binti akaja uani kwangu. Sikumkaribisha kiti, nilimpa beseni. Akafua, na jua lilipokuwa utosini vidole vilikuwa vimemchubuka anavipulizia. Tukaanika mashuka. Upepo ukayajaza, ua wote ukawa mweupe, unapumua. Binti akapotea katikati ya ule weupe, nikawa namsikia sauti tu, ananiuliza mambo, na mimi namjibu bila kumwona: baba aliyenifundisha kusimama wima, marehemu mume wangu aliyekuwa akinukia moshi wa pasi ya mkaa. Sijui tulizungumza kiasi gani. Mashuka yalipokauka ndipo tuliporudi duniani.

Nikakalia kile kiti tena. Safari hii aliyetoka mdomoni mwake nilimjua, mpaka kiburi chake. Nikasema, "Huyo mpeleke."

Mahakamani hakimu alimpa ruhusa mwanafunzi aseme, Kimya akiwa amekaa nyuma yake. Binti alisema vizuri. Ndipo wakili wa ofisi ya vitambulisho akainuka, anatabasamu. Wako tayari kunipa kadi leo hiihii, akasema, kwa huruma, kama mzee asiyejiweza, kesi iishie hapo.

Leo hiihii. Nikikataa, hakimu anaweza kuniangusha, na kura imenipita. Binti akageuka kumtazama mwalimu wake. Kimya alikuwa anatazama feni ya darini, inavyozunguka taratibu, utadhani ndiyo imemleta mahakamani. Binti akavuta pumzi, akaacha meza yake, akaja akainama kwangu.

"Bibi, wewe unasemaje?"

Kadi ile niliitaka, sifichi. Nikamwambia, "Na fundi mwashi aliyeliwa mistari ya vidole na saruji, naye wamwonee huruma? Nataka kadi kama ya watu. Huruma wakae nayo."

Akanyooka, akamwambia hakimu vilevile, ila kwa adabu zaidi. Hakimu akaniita mbele, akaomba kuona mikono yangu. Niliifungua chini ya taa. Akaitazama sana, mpaka nikahisi ukumbi unaelea kama nguo majini. Kisha akatamka: sheria inataka raia ajulikane, haikusema ajulikane kwa vidole peke yake. Mashine ikishindwa, majirani waitwe waseme, uso wake utazamwe. Kwangu na kwa kila mtu wa namna yangu.

Sikupiga vigelegele. Nilifunga mikono yangu nikatoka nimesimama wima.

Siku ya uchaguzi mbele yangu kwenye foleni alikuwa mwashi, nyuma yangu mwosha vyombo wa hotelini, wote na kadi mpya, wote viganja vyororo. Tulicheka kama watoto. Nilipotoka nikapanda moja kwa moja ghorofani. Binti alikuwa anamsikiliza mtu mwingine, mikono mapajani, hana kalamu. Kimya yuko dirishani.

"Nimepiga," nikamwambia.

"Umejisikiaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Hayakuja hata moja. Nikaketi kwenye kiti changu, cherehani zinanyesha chini yetu, nikawa natafuta jibu, naye akanisubiri.