Kikombe cha Bibi Jamna

Nilipokuwa mtoto kijijini Didia, miaka ya hamsini, mtu akikuletea kinywaji lazima akionje kwanza mbele yako. Asiyeonja ameweka sumu, au uchawi. Jibu la tatu halikuwepo.

Baba alirudi kutoka machimbo ya Geita akiwa hawezi kushika kijiko. Kule alizoea kunywa pombe ya moshi kabla ya kazi. Nyumbani akajaribu kuiacha, mwili ukamgeuka. Alitetemeka, akaloa jasho, akawa anapangusa siafu ambao sisi hatukuwaona. Shangazi, dada yake, akahukumu papo hapo: mke kamroga mumewe, arudishwe kwao!

Mama hakubishana. Alikwenda kwa Bibi Jamna, mama mzazi wa Mhindi mwenye duka pale kijijini, ambaye Wahindi wenzake walimfuata kwa dawa za mizizi za kwao. Bibi akaja mwenyewe, sari nyeupe ikiburuza vumbi, mkononi kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na unga wa mizizi.

"Onja," Shangazi akamwambia.

"Mimi leo nafunga, dada. Hapana kunywa."

"Unafunga nini? Ramadhani imeshapita!"

Wanaume waliokusanyika uani wakacheka. Bibi alikuwa Mhindu, mjane, na siku ile ilikuwa ya mfungo wao. Nani angejisumbua kumuuliza? Kicheko kikageuka minong'ono. Mama akakinyakua kikombe, akapiga mafunda makubwa, akamkazia macho wifi yake.

"Haya. Subirini nife."

"Mchawi hafi kwa dawa yake," Shangazi akajibu.

Yaani usipoonja una hatia, ukionja una hatia!

Baba ndiye aliyekata maneno. "Lete hapa. Ile moshi sikuwahi kumwambia mtu aionje."

Akanywa, meno yakigonga kikombe.

Bibi aliendelea kuja kila asubuhi, na Baba akatulia polepole. Shangazi, bila kutaja tena uchawi, akatangaza kwamba mizimu imesamehe, akadai kondoo wa tambiko. Mama ndiye aliyempika. Kama ilikuwa mizizi au ni mwili tu uliochoka kutetemeka, sijui, na sitajifanya najua.

Miaka kumi baadaye, nikiwa likizo kutoka chuoni, nilimuuliza Mama, "Mayu, ulijua kilichomo katika kile kikombe?"

"Sikujua. Nilifikiri huenda nakufa."

"Sasa ulikunywa kwa nini?"

Akaendelea kupepeta mtama. "Ng'ombe wa mahari walishatolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa baba. Mimi ningerudi kwetu, wewe ungebaki."

Tangu hapo sivumilii mtu akisema mama zetu waliongozwa na imani za uchawi. Mama hakuwa akiamini chochote siku ile. Alikuwa anakataa kuniacha.